Ubaba mseto: mzao mmoja, baba zaidi ya mmoja

Ubaba mseto ni hali ambayo watoto wa mzao mmoja, waliotoka tumbo moja kwa wakati mmoja, wana baba wawili au zaidi. Hutokea sana kwa panya, kindi na wagugunaji wengine wa mwituni, kwa kuwa jike hutoa mayai kadhaa kwa pamoja, naye akipandwa na madume kadhaa akiwa kwenye joto, mbegu zao hushindania mayai hayo.

Kupandwa na madume wengi, hata hivyo, si ubaba mseto. Jike aweza kupandwa na madume watano na watoto wote wakawa wa mmoja, hivyo kutazama kwa macho hakutoshi. Kila mtoto hurithi nakala moja ya kila kinasaba kwa mama na nyingine kwa baba, na baba mwenyewe ana nakala mbili tu. Basi watoto wakionekana na aina tatu za nakala za kinasaba kimoja zilizotoka upande wa baba, mzao huo una angalau baba wawili.

Mfano ulio wazi zaidi ni kindi wa ardhini wa Belding, wa milima ya Sierra Nevada huko California, ambaye jike wake huwa kwenye joto alasiri moja tu kwa mwaka, kwa saa 4 hadi 6. Katika muda huo mfupi hupandwa na madume kadhaa, na mwaka 1981 watafiti James Hanken na Paul Sherman walionyesha, kwa kupima protini za damu, ambazo aina zake hurithiwa, kwamba 78% ya mizao waliyoichunguza ilikuwa na baba zaidi ya mmoja.

Faida kwa jike ni ipi? Dume mmoja akiwa tasa, mwingine yupo. Kwa panya wa nyumbani kuna sababu nzito zaidi: dume huua vichanga vya wenzake, lakini aliyekwisha kupanda huacha ukatili huo wiki 3 hivi baadaye, wakati ambapo watoto wake wangekuwa wanazaliwa, hivyo jike aliyepandwa na wengi hupunguza hatari kwa vichanga vyake. Si wagugunaji wote walio na ubaba mseto. Panya wa California, *Peromyscus californicus*, alipopimwa vinasaba katika familia 28, hakupatikana mtoto hata mmoja wa dume asiye mwenzi wa mama yake.

Kwa kindi wa Belding, matokeo huonekana hata baada ya watoto kukua: dada waliochangia baba na mama hugombana kidogo kuliko dada wa mama mmoja na baba tofauti, ingawa wote walilelewa shimo moja.