Virusi wa Kale Ndani ya Kuku Wako

Kuku aliyefungwa miguu ndani ya tenga pale Soko la Burma, Nairobi, amebeba, katika kila seli ya mwili wake, mabaki ya virusi vilivyowaambukiza mababu zake. Mfugie banda safi, mpe chanjo zote, mabaki hayo hayatoki. Hakuyapata kwa kuku wa jirani. Alizaliwa nayo, kama alivyozaliwa na rangi ya manyoya yake.

Mimi husoma jenomu za ndege, yaani DNA yao yote ya kurithi, hapa Nairobi, na swali ninaloulizwa sana na wafugaji ni hili: ugonjwa unarithiwaje? Kwa virusi vingi ni nadra sana. Kundi liitwalo retrovirusi ndilo hasa lenye uwezo huo. Maagizo yake yameandikwa kwa RNA, kemikali ya jamii moja na DNA. Zikishaingia kwenye seli, kimeng'enya chao (protini inayoendesha kazi za kikemia) huyanakili kuwa DNA, na nakala hiyo hupachikwa katikati ya DNA ya mnyama aliyeambukizwa. Howard Temin na David Baltimore walikigundua kimeng'enya hicho mwaka 1970, kila mmoja katika maabara yake. Mara nyingi mnyama akifa, nakala hufa naye. Lakini ikipachikwa kwenye seli inayozaa yai au manii, kifaranga atakayeanguliwa atakuwa nayo mwili mzima, na vizazi vyake vilevile.

Kuku ndiye aliyetufundisha mengi ya haya. Mwaka 1908, kule Copenhagen, Ellermann na Bang walionyesha kwamba saratani ya damu ya kuku, inayoletwa na retrovirusi, huambukizwa kwa maji ya kuku mgonjwa yaliyochujwa hadi hayana seli hata moja. Mwaka 1911 Peyton Rous akaonyesha hivyo hivyo kwa uvimbe wa kuku jijini New York. Tuzo ya Nobel alipewa mwaka 1966, miaka 55 baadaye!

Umri wa mabaki haya tunaujuaje? Nakala inapopachikwa, ncha zake mbili huwa na herufi zilezile za DNA, kama mapacha. Kadiri miaka inavyopita, kila ncha hupata makosa yake. Tukihesabu tofauti kati ya ncha hizo, na tukijua DNA ya ndege hubadilika kwa kasi gani, tunakadiria ni lini virusi viliingia. Nyingine zina mamilioni ya miaka. Nyingine ni changa kiasi kwamba kuku huyu anazo na ndugu yake hana.

Ndege wana mabaki machache kuliko sisi. Kwa binadamu ni kama asilimia 8 ya jenomu. Wapo wanaoyaita takataka, na hapo sikubaliani nao hata kidogo. Chukua kuku wa Araukana wa Chile, anayetaga mayai ya buluu. Ukilivunja yai lake, utaona ubuluu umepenya hadi upande wa ndani wa ganda. Retrovirusi ya kale ilipachikwa karibu na jeni iitwayo SLCO1B3, ikaiwasha mahali ganda linapotengenezwa, na rangi ya nyongo ikaingia humo. Kuku wa Dongxiang wa China wana mayai ya buluu pia, tena kwa upachikaji mwingine kabisa, mahali karibu na palepale. Baadhi ya kuku weupe nao ni weupe kwa sababu retrovirusi imekaa ndani ya jeni ya kutengeneza rangi. (Kishingo wetu hayumo humu, shingo yake tupu ina chanzo kingine.)

Lililo zito zaidi kwangu ni kwamba mabaki haya yanaweza kurudi kazini. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Uingereza, kulitokea kundi jipya la virusi vya saratani kwa kuku wa nyama, likaitwa ALV-J. Jeni ya gamba lake la nje inafanana mno na mabaki ya kale yaliyomo kwenye jenomu ya kuku wenyewe. Maelezo yenye nguvu ni kwamba virusi hai viliokota kipande hicho ndani ya kuku, vikapata ufunguo mpya wa kuingilia seli. Kundi hilo lilisambaa duniani na kuvisumbua vizazi vya kuku wa nyama kwa miaka mingi.

Kwa mfugaji wa mji wa Kikuyu au wa Ruai jambo hili lina uzito wake. Kipimo cha kawaida cha virusi hivi hutafuta protini iitwayo p27, na mabaki ya kurithi yanaweza kuitengeneza protini hiyohiyo kwa kuku asiye na ugonjwa wowote. Kwa hiyo ukiambiwa kuku wako wana p27, usikimbilie kuchinja. Mwombe daktari wa mifugo apeleke damu ipimwe DNA ya jeni ya gamba, kwa sababu hapo ndipo virusi vya nje hutofautishwa na vile vya kurithi.