Mussolini Alikwenda Roma kwa Treni

Nimemaliza kusahihisha rundo la insha za kidato cha sita. Kwa Kiingereza kizuri au kibovu, kila insha ya pili inadai Mussolini, kiongozi wa mafashisti wa Italia, aliivamia Roma akapindua serikali. Jamani! Hakupindua kitu. Usiku wa tarehe 29 Oktoba 1922 alipanda treni Milano, behewa la kulala, akateremka Roma asubuhi akiwa ameshaitwa na mfalme aje aunde serikali.

Na yale yanayoitwa "Maandamano ya kwenda Roma"? Mashati Meusi, wanamgambo wa Mussolini, walikuwa nje ya mji, Tivoli, Monterotondo na Civitavecchia, wananyeshewa, wana njaa, wengine wameshika marungu tu. Jeshi lililokuwa Roma lingeweza kuwatawanya. Waziri Mkuu Facta alikuwa na amri ya hali ya hatari tayari mkononi. Asubuhi ya tarehe 28 Mfalme Vittorio Emanuele III akagoma kutia saini. Hapo ndipo penye kesi yote, na hapo ndipo wanafunzi wangu wanaporuka.

Kwa nini aligoma? Wengine wanasema aliogopa damu kumwagika, wengine kwamba hakuwaamini majenerali wake, wengine kwamba binamu yake, Duke wa Aosta, alikuwa anakinyemelea kiti cha enzi. Zamani nilifundisha la binamu kwa mbwembwe. Siku hizi nalitaja kwa sauti ya chini, na mwakani huenda nikabadilika tena.

Bungeni mafashisti walikuwa 35 kati ya wabunge 535. Mwezi uliofuata Bunge likampa Mussolini kura ya imani, 306 kwa 116. Hesabuni wenyewe: zaidi ya 270 ya waliompa kura hawakuwa watu wake. Waliberali walidhani watamtumia kuwanyamazisha wasoshalisti, kisha wamrudishe alikotoka. Kuuawa kwa Matteotti, mbunge msoshalisti aliyempinga, 1924 na udikteta wa 1925 vimo vitabuni, sivirudii.

Anguko lake nalo lilipita mlango ule ule, wa mfalme. Ethiopia, aliyoivamia 1935, ilimtoka 1941, na askari wetu wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, walikuwemo vitani; kikanisa kilichojengwa na mateka wa Kiitalia bado kipo pale Mai Mahiu, Kenya. Julai 1943 Waingereza na Wamarekani wakatua Sisilia. Usiku wa kuamkia tarehe 25, Baraza Kuu la chama chake mwenyewe likamgeuka kwa kura 19. Jioni akaenda kwa mfalme yule yule, akaambiwa kazi imekwisha. Chama cha mamilioni, na siku ile hakuna aliyeingia barabarani kumtetea. Nje kulikuwa na gari la wagonjwa, askari wakampakia humo wakaondoka naye.