Kisiwa cha Karafuu na Kisiwa cha Miwa

Kila tunapokwenda shehiani hapa Zanzibar kueleza Malengo ya Maendeleo Endelevu, yale 17 yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa Septemba 2015, watu hawatuulizi malengo yenyewe ni yapi. Hayo wameshayasikia redioni. Wanatuuliza: mbona wenzetu wameshafika na sisi bado tuko njiani? Na kule Pemba swali huja na mfano wake kabisa: mbona Morisi? Ni kisiwa kama sisi, kwenye bahari hii hii ya Hindi, Mwingereza aliwatawala kama alivyotutawala, na wao walikuwa na miwa tu kama sisi tulivyokuwa na karafuu tu.

Jawabu la barazani ni kwamba wao wana bahati. Halisimami. Mwaka 1961 ilitoka ripoti ya mchumi wa Kiingereza James Meade, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel, kuhusu uchumi wa Morisi, na hakuona dalili njema. Watu wanaongezeka haraka, ardhi ni ndogo, zao ni moja, na mwaka mmoja nyuma kimbunga Carol kilikuwa kimewavunjia nyumba na mashamba. Zanzibar ya wakati huo ilikuwa na zao ambalo dunia nzima ililijua kwa jina la visiwa hivi, na kimbunga chetu kikubwa kilishapita zamani, mwaka 1872. (Hicho ndicho kilichoiangusha mikarafuu ya Unguja na kuibakisha mingi ya Pemba, na ndiyo sababu hadi leo ukisema karafuu umesema Pemba.)

Tofauti ya visiwa hivi viwili ilianzia kwenye fedha ya zao: ilikwenda wapi?

Kuanzia 1975 nchi za Ulaya ziliinunua sukari ya Morisi, takriban tani nusu milioni kwa mwaka, kwa bei ya makubaliano ambayo kwa miaka mingi ilikuwa juu ya bei ya soko la dunia. Huo ulikuwa mwanya mzuri, nakubali. Lakini mwanya wanaupata wengi. Serikali ya Morisi ilikuwa imeshatunga sheria ya maeneo huru ya viwanda, yaani viwanda vya kuuza nje vilivyopunguziwa kodi, tangu 1970, kwa hiyo faida ya miwa ilikuta mlango uko wazi: ikaingia kwenye viwanda vya nguo, kisha kwenye hoteli. Wenye mashamba waliachiwa mashamba yao, lakini walitozwa kodi kwa sukari waliyoiuza nje. Mwaka 1977 elimu ya sekondari ikawa bure. Mpango ule wa sukari ulipomalizika mwaka 2009, miwa ilikuwa imebaki nguzo moja tu kati ya nguzo kadhaa za nyumba.

Sasa tuje kwetu. Mnunuzi wa karafuu alikuwa mmoja, serikali, na kwa miaka mingi mkulima aliambulia sehemu ndogo ya bei iliyolipwa nje. Msomaji wa Pemba hahitaji kusimuliwa kilichofuata. Madau yaliyovuka usiku kwenda Kenya hayakubeba madafu. Hata hivyo, kwa hesabu yangu, hasara kubwa haikuwa hayo magendo ya karafuu. Mkarafuu unataka miaka kama saba hivi kabla haujaanza kukupa mavuno ya maana. Mtu anayelipwa kidogo kwa alichokianika leo hana sababu ya kupanda mche atakaouchuma mwanawe. Mikarafuu ikazeeka, isipate ya kuirithi. Wakati huo huo Indonesia, mteja wetu mkubwa aliyezitia karafuu kwenye sigara zake, ilikuwa inaotesha mashamba yake mwenyewe, na katika miaka ya 1980 ikawa haituhitaji tena. Bei ikaporomoka, na hatukuwa na kitu kingine mkononi. Mwaka 2011 serikali iliipandisha sana bei ya mkulima, kwa sera ya kumpa asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, na magendo yakapoa. Miche, lakini, haikui kwa amri.

Hadithi hii nairefusha kwa sababu ya mwani. Tangu 1989 akinamama wa pwani, Unguja na Pemba, wanalima mwani na kuuza kwa bei inayopangwa na mnunuzi. Maji yanapopata joto, kotonii, aina ya mwani yenye bei, hufa, wakabaki na aina nyingine, spinosamu, ambayo bei yake haifiki hata kwa mwenzake. Anayejua habari ya karafuu ataona ile njia ni ile ile.

Tusidanganywe na utajiri peke yake. Umoja wa Mataifa unapoamua kama nchi imetoka kwenye kundi la nchi zilizo nyuma kabisa kimaendeleo, hutazama mambo matatu: kipato, hali ya watu yaani afya na elimu yao, na jinsi nchi inavyoweza kutikiswa na uchumi au hali ya hewa. Botswana ilitoka 1994, Cabo Verde 2007, Maldives 2011. Tanzania, na sisi ndani yake, imo tangu orodha ilipoanzishwa 1971. Guinea ya Ikweta ilitoka 2017 kwa kipimo cha kipato tu, kwa nguvu ya mafuta, huku afya na elimu za watu wake zikiwa nyuma sana ya fedha hizo. Na Morisi wenyewe si malaika: mwaka 2020 meli ya Wakashio ilikwama kwenye miamba yao ikamwaga mafuta kama tani 1,000, na kisiwa kinachoishi kwa bahari kikabaki kinakusanya mafuta kwa mikono.

Jambo jingine, ambalo mikutanoni huwa halipendwi, ni idadi ya watu. Sensa ya 2012 ilituhesabu 1,303,569. Ya 2022 ilitukuta 1,889,773. Ni ongezeko la asilimia 3.7 kwa mwaka, na kwa mwendo huo watu huwa maradufu katika miaka 19 hivi. Si uzazi tu, wapo pia wanaohamia kutoka Bara. Lakini kwa skuli hesabu ni moja: nchi hii lazima ijenge kila mwaka ili darasa la watoto wengi lisizidi kuwa la wengi zaidi. Morisi, uzazi ulishuka haraka katika miaka ya 1960 na 1970, na fedha iliyokuwa iende kwenye madawati mapya ikaweza kwenda kwenye walimu bora.

Nimeiacha malaria mwisho kwa sababu hapo sisi tumewahi kuwa mbele. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 Zanzibar ilipigwa dawa nyumba kwa nyumba kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, na malaria ikashuka sana. Mwaka 1968 kazi ikasimama. Ugonjwa ukarudi. Katika miaka ya 1980 tukaanza tena kwa fedha za Wamarekani. Fedha zikaisha, mbu akarudi. Mara ya tatu ilianza 2003 kwa dawa ya mseto, kisha vyandarua na upigaji dawa majumbani, na tangu 2008 hivi wenye vimelea ni chini ya mtu mmoja kwa kila mia. Ni kazi ambayo nchi nyingi zinaitamani.

Morisi nao walithibitishwa kuwa wameitokomeza 1973. Mwaka 1975 kimbunga Gervaise kiliwapiga, ukaja mlipuko mpya. Waliitokomeza upya, ikawachukua zaidi ya miaka 20, na baada ya hapo hawakufunga ofisi. Hadi leo abiria anayetua kutoka nchi yenye malaria hufuatiliwa na wahudumu wa afya alikofikia, na bajeti ya kazi hiyo imo ndani ya bajeti yao wenyewe, kwa ugonjwa ambao kijana wa Port Louis hajawahi kumwona mtu anao.

Sisi pia tuna utaratibu mzuri: mgonjwa akigunduliwa kituoni, taarifa hutumwa kwa simu, na ofisa huenda hadi nyumbani kwake kuwapima anaoishi nao. Utaratibu huo umekula fedha nyingi za Marekani. Mwaka 2025 Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID. Ofisa yule anahitaji pikipiki, petroli na vipimo kila wiki, mwaka wenye wagonjwa na mwaka usio na wagonjwa, na mwaka usio na wagonjwa ndio mgumu zaidi kuuombea fedha.