Talwegi si katikati ya mto

Juzi nimemsikia tena mchambuzi redioni akieleza kwamba kisiwa cha Sedudu, kile cha mto Chobe kilichogombewa na Botswana na Namibia, kiligawanywa kwa talwegi, yaani katikati ya mto. Makosa mawili kwa pumzi moja: kisiwa hakikugawanywa, na talwegi si katikati ya mto. La kwanza namsamehe. La pili nimelisikia mara nyingi mno, hata kwa wanasheria.

Maana yenyewe haina mambo mengi. Kila mto unapopita, sakafu yake ina mahali palipo chini kuliko pengine pote. Unganisha mahali hapo kutoka juu ya mto hadi chini, na huo mstari ndio talwegi. Mto ukianza kukauka, maji ya mwisho yatajikokota humo.

Neno ni la Kijerumani. Tal ni bonde, Weg ni njia: njia ya bondeni. Hakuna "kati" humo hata kwa kutafuta na tochi. Ile h ya Thalweg ni tahajia ya Kijerumani ya zamani, iliyofutwa katika marekebisho ya 1901. Waingereza na Wafaransa walikuwa wameshaliazima neno, wakabaki na h yao. Ni h ileile ya Neanderthal, bonde lililompa jina binadamu wa kale. Haitamkwi. Anayesema th kama ya thamani anaitamka herufi ambayo Wajerumani wenyewe hawaitamki, na ndiyo maana mimi naandika talwegi na kusonga mbele.

Kwa nini basi isiwe katikati? Simama ukingoni mto unapokata kona. Maji yaliyokuja kwa kasi hayapindi kwa hiari. Yanabanwa upande wa nje wa kona, yanaula ukingo na kuichimba sakafu. Upande wa ndani yanapungua kasi na mchanga unatua. Kwa hiyo huku kuna genge limesimama wima, kule kuna ufuko unaoteremka polepole. Mwenye mtumbwi hahitaji mhandisi: upande wa mchanga upondo wake unagota chini mapema, akisogea kwenye genge unazama mpaka vidole vinalowa. Talwegi imepita hapo, pengine hatua chache tu kutoka nchi kavu. Kwenye kona inayofuata itahamia ng'ambo.

Mstari wa kati ni kitu kingine kabisa. Wenyewe unapimwa kutoka kingo mbili, na haujali kama chini yake kuna kina cha kuzamisha mnazi au tope la kufika vifundoni. Mpaka ukipitishwa hapo, nchi moja inaweza kuondoka na maji yote yanayopitisha chombo na jirani akaachiwa matope. Talwegi ilipendwa na wachora mipaka kwa sababu inazipa pande zote mbili njia ya vyombo.

Nadhani najua mkanganyiko ulikoanzia. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890, uleule unaojulikana kwa habari za Zanzibar na Heligoland, ulichora pia mpaka katika mto Chobe, ambao leo uko kati ya Botswana na Namibia. Nakala ya Kiingereza ilisema mpaka unashuka katikati ya mkondo mkuu. Ya Kijerumani ilisema Thalweg des Hauptlaufes, talwegi ya mkondo mkuu. Anayesoma Kiingereza peke yake atasema katikati, na hutamlaumu sana. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyachukua maneno hayo mawili kuwa na maana moja, kisha ikaupitisha mpaka penye kina kirefu zaidi.

Lakini tazama neno ambalo nakala zote mbili zinalo: mkondo mkuu. Ugomvi wote ulikuwa hapo. Chobe inafika kwenye kisiwa hicho cha kilomita za mraba kama 3.5, Sedudu kwa Wabotswana na Kasikili kwa Wanamibia, na kujigawa. Ikiwa mkondo mkuu ni wa kaskazini, kisiwa ni cha Botswana. Ikiwa ni wa kusini, ni cha Namibia. Talwegi haiwezi kujibu hilo, maana kila mkondo una talwegi yake. Kusema talwegi iliamua kisiwa ni cha nani ni sawa na kusema rula ndiyo iliyochagua kiwanja.

Kazi kubwa ya elimu ya mito ilikuwa kupima mikondo miwili na kuilinganisha: upana, kina, wingi wa maji yanayopita, umbo la sakafu, uwezo wa kupitisha vyombo. Kila upande ulileta wataalamu wake, nao hawakukubaliana. Swali zuri kuliko yote lilikuwa la lini: upime wakati gani wa mwaka? Kuanzia mnamo Machi, kwa miezi kadhaa, mafuriko hukifunika kisiwa na eneo zima likawa kama ziwa kubwa. Mahakama ikasema mikondo ipimwe maji yanapokuwa chini, kwa kuwa kwenye ziwa hilo hakuna mikondo miwili ya kulinganisha. Picha za angani za kuanzia 1925 hadi 1985 zilionyesha kwamba mikondo haikuwa imebadilika sana. Tarehe 13 Desemba 1999, kwa kura 11 dhidi ya 4, majaji waliona mkondo wa kaskazini ndio mkuu. Wamasubia wa upande wa Namibia walikuwa wamekitumia kisiwa hicho kwa muda mrefu, lakini hilo halikutosha kukifanya cha Namibia. Vyombo vya nchi zote mbili vikapewa haki sawa katika mikondo yote miwili.

Mchambuzi wetu angeweza kusema tu kwamba mkondo wa kaskazini ulionekana ndio mkuu, mpaka ukapitishwa humo penye kina kirefu zaidi, na kisiwa kizima kikabaki Botswana. Neno talwegi hata halikuhitajika. Akilitaka sana, alitamke kwa t ya taa.