Msimbomilia kwenye lebo: namba kwanza, mistari baadaye

Msimbomilia, au barkodi kama wengi wanavyoiita, haubebi bei ya mafuta yako ya alizeti. Ni namba tu iliyochorwa kwa mistari ili skana iisome. Jina na bei vimo kwenye kompyuta ya duka. Ndiyo maana msindikaji wa Dodoma anayeokota namba mtandaoni hujikuta matatani: mistari inasomeka vizuri, ila kaunta inaonyesha biskuti za kampuni nyingine.

Ukitaka kuuza supamaketi, tumia EAN-13, msimbomilia wa tarakimu 13. Namba zinazotolewa na GS1 Tanzania, shirika linalosajili namba hizi, huanza na 620. Hiyo 620 hueleza namba imetolewa wapi, si bidhaa imetengenezwa wapi. Kila ujazo una namba yake: chupa ya nusu lita, ya lita moja na dumu la lita tano ni namba tatu. Katoni nayo ina yake, kwa kawaida ITF-14, msimbomilia wa tarakimu 14, ambayo mistari yake minene huvumilia uchapaji kwenye boksi la kahawia.

Kwa hesabu za stoo yako mwenyewe huhitaji kusajili chochote. Code 128, aina nyingine ya msimbomilia, hubeba herufi na tarakimu, mfano ALZ-1L-07. Mashine yako ikikubali EAN-13 pekee, anza na 20 hadi 29, zilizotengwa kwa matumizi ya ndani. Tarakimu ya 13 ni ya uhakiki. Kuanzia kushoto, jumlisha zilizo nafasi za witiri. Za nafasi za shufwa jumlisha, kisha zidisha kwa 3. Kwa 200000100034 unapata 6 na 12, jumla 18. Zimepungua 2 kufika 20, kumi kamili inayofuata, basi namba kamili ni 2000001000342.

Makosa mengi, hata hivyo, hutokea kwa mchapaji. Kipimo kamili cha EAN-13 ni milimita 37.29 kwa 25.93, na usishuke chini ya asilimia 80 yake. Wabunifu hupenda kukata urefu wa mistari na kujaza maua pembeni. Acha weupe wa milimita 3.63 kushoto na 2.31 kulia, kwa kipimo kamili. Usichape mistari myekundu: mwanga wa skana nyingi ni mwekundu, hivyo kwake mistari hiyo ni sawa na karatasi tupu. Lebo angavu, yaani inayoonyesha kilicho nyuma yake, juu ya chupa ya mvinyo mwekundu nayo hushindwa, kwa kuwa nyuma ya mistari kuna giza. Kwenye kichupa chembamba, ilaze mistari kama vipago vya ngazi ili mviringo usiifiche. Karatasi ya joto, ile ya risiti, hufifia juani na ikiguswa na mafuta. Kwa siagi ya karanga chagua printa ya utepe wa wino.

Kabla ya kuchapa lebo elfu, bandika chache kwenye chupa zilizojaa, uzipeleke kaunta yenye skana. Kamera ya simu husamehe mno.