Korona haijahama Unguja: tunayoambiana ndani ya basi la zamu

Basi letu la wafanyakazi huondoka Mwanakwerekwe saa kumi na moja alfajiri. Wakati wa masika vioo vyote hufungwa, watu bega kwa bega mpaka pwani ya mashariki, na hakosekani mmoja anayekohoa ndani ya khanga huku akisema, "Mafua tu haya." Mimi nasimamia usafi wa vyumba hotelini, na maneno ninayoyajibu hapa nayasikia humo humo basini na kwenye chumba cha kufulia.

"Si walitangaza imeisha?"

Kilichotangazwa na Shirika la Afya Duniani tarehe 5 Mei 2023 ni kumalizika kwa hali ya dharura. Kirusi chenyewe hakikuondoka, na siku ile ile mkurugenzi wa shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alisema bado ni tishio. Wengi wetu sasa tuna kinga, ama ya chanjo ama ya kuugua, ndiyo maana wodi hazifuriki kama zamani. Ila kirusi kinajibadilisha, tena hakingoji msimu wa baridi, na sisi tunapokea wageni wa kila bara mwaka mzima.

Wapemba wanaikumbuka Januari 2021, pale chama cha Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais, kilipotangaza wazi kuwa anaumwa UVIKO-19, wakati nchi ilikuwa haitoi takwimu. Alifariki tarehe 17 Februari, akazikwa Mtambwe. Uwazi ule nauheshimu mpaka leo, maana kufichana bado kunatuumiza.

"Nilichanja na nikaumwa, basi ile sindano ilikuwa maji."

Hili ndilo ninalolisikia zaidi, na sitaki kumlaumu anayelisema. Rais Samia alipozindua chanjo tarehe 28 Julai 2021, wengi tulipata ile ya Janssen ya sindano moja, na mitaani ikavuma kwamba ukichanja umemaliza. Hukumaliza. Mwili una kinga za namna mbili. Iko inayokaa mlangoni, inayomkabili kirusi kabla hajajishikiza. Hii hupungua baada ya miezi michache. Na iko yenye kumbukumbu, inayokaa ndani. Hii hudumu zaidi, na kazi yake ni kuzuia maradhi yasishuke mapafuni yakakulaza. Omikroni, aina mpya ya kirusi hicho, ilipotokea mwishoni mwa 2021 ilikuwa imebadilika vya kutosha kuipita ile ya mlangoni. Kwa hiyo aliyechanja anaweza kuumwa, na anaweza kuambukiza. Alichopata ni nafasi kubwa zaidi ya kuumwa kitandani kwake badala ya kwenye oksijeni.

Mama yangu ana kisukari. Yeye, na wazee wenzake, wajawazito, wenye maradhi ya moyo au figo, wenye kinga dhaifu na wahudumu wa afya ndio wa kwanza kuhitaji kuongezewa dozi. Kijana mzima haraka yake ni ndogo. Uliza kituo cha afya cha shehia yako kuna chanjo gani.

Ule mnong'ono kwamba chanjo inaua kizazi hauna ukweli. Uchunguzi uliofanywa kwa wanawake na wanaume waliochanja haukuona uzazi ukipungua. Homa ya korona yenyewe ndiyo inayoweza kupunguza mbegu za mwanamume kwa muda.

"Nyungu inatosha."

Mvuke wa mchaichai na karafuu hufungua pua, na mgonjwa husikia raha kweli. Kirusi hakifi kwa mvuke. Na nimeona watu wawili wamejifunika shuka moja juu ya sufuria moja, mmoja mgonjwa na mwingine anajikinga, wanavuta pumzi ile ile. Mtoto usimtie humo kabisa. Maji yale yanaunguza. Antibaiotiki nazo haziui kirusi, zinaua bakteria.

"Tuna ndoo ya kunawia mlangoni."

Nawa, kuna maradhi mengi ya mikono. Lakini korona husafiri zaidi kwa hewa. Ofisi yenye kiyoyozi cha ukutani na madirisha yaliyofungwa inazungusha hewa ile ile iliyokwisha pumuliwa, kwani vingi vya viyoyozi hivyo havivuti hewa ya nje. Chumba chetu cha kufulia kilikuwa na dirisha moja lililozibwa kwa maboksi ya sabuni. Tuliyahamisha. Kazi ya dakika kumi.

"Mfanyakazi hodari halali kwa mafua."

Hapa ndipo roho inaponiuma. Mwaka juzi binti mmoja wa timu yangu alikuja na homa. Nikamuuliza kwa nini hakubaki nyumbani. Akanijibu huku anakunja shuka, "Dada, nisipokuja silipwi." Na kweli, mkataba wake wa msimu ulikuwa hivyo. Wiki ile ile watano kati ya tisa wakalala, vyumba havikuwa tayari wageni walipofika, na hoteli ikalipa vibarua wa haraka pesa nyingi kuliko mshahara wa siku tatu wa binti yule. Mmoja wa wale watano alikaa miezi hawezi kupanda ngazi na ndoo bila kusimama katikati. Shirika la Afya linakadiria kwamba watu kama 6 katika kila 100 wanaougua hubakiwa na athari za muda mrefu.

Mtu huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya dalili, na siku za mwanzo za ugonjwa ndizo za kuambukiza zaidi. Dini yetu imempa mgonjwa udhuru hata wa sala ya Ijumaa. Zamu ya kutandika vitanda itakuwaje nzito kuliko Ijumaa?

Na lile la "siku 126 za ugonjwa" linalozunguka kwenye simu: ni la sheria ya ajira ya Tanzania Bara ya 2004, siku 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu. Haituhusu. Zanzibar tuna Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005, na ndiyo ya kuisoma pamoja na mkataba wako kabla hujatia saini.

Sisi tulikubaliana na uongozi baada ya mwaka ule: mwenye homa abaki nyumbani na siku zake alipwe, arudi homa ikishatulia siku nzima bila dawa, avae barakoa siku tano, na kila ratiba iwe na jina moja la akiba. Jumatatu iliyopita binti yule yule alinipigia saa kumi alfajiri. "Dada, koo linawasha na mwili mzito." Nikamwambia alale. Jina la akiba likapanda basi.