Kiwanja cha ndege na kiwanda cha ndege

Shirika jipya la ndege la nje likianza tu kutua kiwanja cha Kisauni, Unguja, utasikia kwamba "sekta ya anga" ya Zanzibar imekomaa na wawekezaji wa nje waichangamkie. Juzi nimelisikia tena barzani: kijana aliyemaliza kidato cha sita anataka kusomea uhandisi wa ndege kwa kuwa anaamini kazi zimeshafika nyumbani. Kwa ajili yake na wenzake, jambo hili liwekwe sawa.

Sekta ya anga, kwa maana anayoikusudia mwekezaji wa viwanda, ni kubuni ndege, kuziunda, kuzithibitisha na kuzifanyia matengenezo makubwa, pamoja na injini, satelaiti na vipuri vyake. Kurusha ndege na kupokea abiria ni usafiri wa anga. Viwili hivi vinategemeana, lakini nchi inaweza kuwa na kimoja bila ya chengine.

Kwa vyombo vya baharini tunalielewa hili bila ya kuambiwa. Boti za abiria za Kilimanjaro zinashusha watu bandari ya Malindi, Unguja, kila siku, nazo zimeundwa Australia, na sijamsikia mtu akisema Malindi pana uundaji wa vyombo. Anayetaka kuona chombo kikiundwa huenda Nungwi kwa mafundi wa majahazi.

Sasa itazame Caravan, ndege ndogo ya injini moja inayokwenda Pemba. Bodi lake limeundwa Kansas, Marekani; injini yake, PT6, ni ya Pratt & Whitney Canada, kampuni yenye makao Longueuil, karibu na Montreal. ATR 72, ndege kubwa kidogo ya abiria inayotoka Dar, inaunganishwa Toulouse, Ufaransa, lakini kiwiliwili chake kinatoka Italia, na injini ni za kampuni ile ile ya Kanada. Caravan iliruka mara ya kwanza mwaka 1982 na mpaka leo bado inaundwa. Ndiyo nguvu ya kwanza ya sekta hii kwa mwekezaji: ukishakubaliwa kutengeneza kipuri, una soko la miaka mingi, maana kukubadilisha kunataka majaribio na vibali upya.

Na vibali si mchezo. Skrubu ya ndege haifungwi bila ya karatasi zinazoonyesha ilikotoka na kiwango ilichotengenezewa. Bila ya karatasi, hata ikiwa mpya inang'aa, fundi ataiweka pembeni. Kwa hiyo mwekezaji anayekuja na kiwanda huuliza kwanza kama mamlaka ya usalama wa anga ya nchi ile inaaminika mbele ya wenzao wa Marekani na Ulaya. Kisha anauliza mafundi wako wapi. Hoteli na fukwe hazimo katika maswali yake.

La mafundi ndilo zito zaidi. Brazili walifungua chuo cha uhandisi wa anga, ITA, mwaka 1950 huko São José dos Campos. Embraer, kampuni yao ya kuunda ndege, ikaanzishwa mji ule ule mwaka 1969. Chuo kilitangulia kiwanda kwa miaka 19. Moroko nao, kampuni za injini na vipuri vya ndege kama Safran ya Ufaransa zilipokuwa zinapanua kazi Casablanca, walifungua taasisi ya kufundisha ufundi wa anga pamoja na wenye viwanda wenyewe. Ethiopia wameingilia mlango wa matengenezo: karakana za Addis Ababa zinahudumia ndege zao na za mashirika mengine pia.

Kwetu, usafiri wa anga ni jambo la Muungano na msimamizi wake ni TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, kwa hiyo Zanzibar haiwezi kujipa cheti yenyewe. Masomo ya ufundi wa ndege yapo Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT), Dar es Salaam. Kijana ayafuate, ila ajue kwamba karakana atakayoajiriwa huenda ikawa ng'ambo ya bahari.

Jengo jipya la abiria la Kisauni ni mafanikio makubwa, ya usafiri wa anga na utalii, nami nayafurahia. Basi ndugu zangu waandishi na wanaonadi uwekezaji, andikeni "usafiri wa anga". Mwenye huduma za mizigo, mafuta ya ndege au ndege ndogo za visiwani atajua kuwa yeye ndiye anayeitwa, na mwenye kiwanda cha vipuri hatofunga safari kuja kutafuta kisichokuwepo bado.